Mama Rola na Ukuta Mwekundu

Saa moja asubuhi, mlango wa jumba la sanaa bado umefungwa. Ndani, mwanamke wa miaka hamsini na minane amepiga magoti mbele ya ukuta mweupe, anaukwangua kwa wembe. Anapuliza vumbi, anainamisha kichwa, anakwangua tena.

"Miaka ishirini na saba nalipwa kupaka rangi hapa," anasema. "Leo nalipwa kubandua. Sasa hapo nimepanda cheo au nimeshuka?"

Wenzake humwita Mama Rola, kwa ile rola yake ya kupakia rangi. Kila maonyesho yakiisha, huziba matundu ya misumari na kuzipa kuta mikono miwili ya rangi, tayari kwa msanii mwingine kutoka pembe nyingine ya dunia. Amefanya hivyo zaidi ya mara mia na hamsini.

Maana ya vinavyotundikwa, anakiri, mara nyingi humpita kando. Kuna mwaka alipaka chumba kizima rangi nyeupe, msanii akaja, akakitazama, akasema kazi imekwisha.

"Nikasubiri alete picha. Hakuleta. Jioni watu wakaja kumpigia makofi."

Sasa jumba linaandika kitabu cha historia yake, na majalada ya miaka ya mwanzo yameharibiwa na maji. Rasimu inasema maonyesho ya kwanza yalikuwa ya wachongaji wa ng'ambo. Mama Rola alipoisikia ikisomwa, alikataa katakata. Wa kwanza, alisema, alikuwa mama mmoja mchora mabango ya saluni, mwenye kibanda mtaa huohuo. Na ukuta ulikuwa mwekundu.

"Una hakika, mama?" aliuliza mkurugenzi, ambaye enzi hizo alikuwa chekechea.

"Mwanangu, rola nilishika mimi."

Ndipo akaambiwa aukwangue ukuta huo mpaka rangi ya kwanza ionekane.

Nyeupe inatoka, kijivu, nyeupe tena. Kisha, ndogo kama ukucha, nyekundu. Mkurugenzi anachuchumaa na kuipiga picha. Mama Rola anatabasamu, anaongeza mkwaruzo mmoja tu wa kujiridhisha. Chini ya nyekundu kuna kijani.

Mkono unasimama.

"Hii siijui," anasema polepole. "Nyekundu niliipaka juu ya plasta tupu. Au kulikuwa na msanii mwingine kabla ya yule mama? Au ni mimi nimesahau?"

"Basi tuandike nini, mama?"

Anakaa kitako sakafuni, magoti yanamuuma.

"Andika kwamba yule mama alikuwepo. Hapo kwenye kijani, acha nafasi."

Mwisho wa mwaka anastaafu. Kabla ya hapo ana safari moja: mdogo wake anamfahamu binti wa yule mchora mabango, na Jumapili hii yeye na mdogo wake watapanda basi pamoja kwenda kumtafuta mama huyo.

"Nitamuuliza mwenyewe kuhusu hiyo kijani," anasema, akijipangusa vumbi mapajani. "Na yeye asipokumbuka, basi angalau tutakuwa wawili."