Pikipiki Isiyojua Kurudi Nyuma

Mimi nilianza na beseni la chumvi kichwani, kwa miguu, kutoka Pangi mpaka Kindu, na shule niliyosoma ni ile ya kujua kuandika jina langu. Kufikia umri wa kuitwa mzee nilikuwa na duka karibu na stesheni, mabati mapya juu, na pikipiki iliyojulikana kwa mlio mpaka Kailo. Hakuna aliyenipa. Waulize watu wa Kindu wa wakati ule.

Halafu pipa la mawese likaanguka kutoka kwenye behewa, likalala juu ya mguu wangu wa kushoto. Mguu haukukatwa, lakini ulikufa pale pale ulipo, ukabaki kuning'inia. Tangu hapo nikawa mtu wa kiti. Asubuhi mke wangu na jirani wananibeba mpaka barazani, jioni wananirudisha ndani. Kutwa nzima naangalia migongo ya watu wanaokwenda zao. Treni ikipiga honi, mimi nabaki na nzi wangu.

Kilichoniuma zaidi ni Pangi. Mama yangu alikuwa huko, na mjinga mmoja alimpelekea habari kwamba nimekufa na watu wa Kindu wanamficha. Nikatuma salamu, nikatuma sabuni, nikatuma kitenge. Akajibu kwamba kitenge mtu yeyote anaweza kununua. Yeye anataka kuona mtoto wake. Ikawa lazima niende mwenyewe.

"Tukubebe na tipoy," mke wangu akasema. Tipoy ni kile kiti cha kubebwa mabegani na watu wanne. "Vijana ine wanatosha."

"Mimi nilitoka Pangi kwa miguu yangu. Nirudi juu ya mabega, kama mzungu wa zamani? Kama jeneza?"

"Basi bakia na kiti yako, mukubwa."

Nikamwita fundi mmoja wa karakana ya reli, mtu wa Kasai, mchomeaji vyuma. Nikamwambia nataka pikipiki ya magurudumu matatu, ambayo hainiombi mguu ili isianguke. Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Leta kubwa, Papa. Ile ya safari ndefu. Ndogo itakufa kwa kuvuta ekseli."

Pikipiki za namna hiyo Kindu zilikuwa mbili tu. Moja ilikuwa nyeupe, ya kutangulia magari ya wakubwa walipokuja kutoka Kinshasa na sisi tukapangwa barabarani kucheza na kuimba. Ya pili iliachwa misheni na mzungu mmoja aliyetaka kuzunguka Afrika yote, barabara zetu zikamfundisha kupanda ndege. Zote mbili zililetwa mbele ya baraza langu, maana mimi siendi kwa kitu, kitu kinakuja kwangu.

Yule aliyeleta nyeupe alivaa abakosi, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyopigwa pasi. "Sitwayeni," akasema, kwa lile neno la serikali la kumwita raia, "ukipita na hii, watu watasimama wima."

"Na mimi nitasimama na nini?" nikamuuliza. Ilitaka kupigwa teke ndipo iwake, na mtu hapigi teke kwa mguu mmoja huku amekaa.

Ya mzungu niliamuru isiwashwe kabla sijaweka kiganja kwenye injini. Muuzaji mwerevu huipasha moto kwake ili ikifika kwako iwake kwa adabu. Ilikuwa baridi. Nikabonyeza kitufe kwa kidole gumba, ikaunguruma mara moja. Nikaamuru uzi unyooshwe kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma: fremu haijapinda. Nikasugua oili kati ya vidole: hakuna mchanga wa chuma. Tena ilikuwa ya mnyororo, na fundi alitaka mnyororo wa kuzungushia ekseli. Gia ilikuwa ya mguu wa kushoto, akaniungia fimbo ya kuivuta kwa mkono. Nyuma akaweka ekseli ya gari bovu na magurudumu mawili mapana. Mpaka leo nasema: sikukosea kuchagua. Hakuna hata msomi mmoja angechagua vizuri kuliko mimi.

Mjini nilizunguka mpaka petroli ikaniogopa. Nikitaka kugeuka, nilitumia uwanja wote. Kisha nikavaa shati jeupe, nikamuaga mke wangu, nikateremka mtoni, maana Pangi iko ng'ambo.

Maisha yangu yote pikipiki ilivuka Lualaba ndani ya mtumbwi, imelazwa kama mbuzi. Kivuko kikubwa kilikuwa kimelala kikingoja kifaa kutoka Kinshasa. Hilo halikunishtua, sikuwahi kukihitaji. Nikashuka mteremko mpaka gurudumu la mbele likagusa maji.

Mpiga kasia, tuliyefahamiana tangu enzi za beseni, akaitazama pikipiki, akautazama mtumbwi wake.

"Papa, hii tukutuku ya mipira tatu italala wapi?"

"Funga mitumbwi miwili."

"Na maji haya ya mvua? Unataka kufika Pangi ao kufika Kisangani?" Watu wakacheka, maana Kisangani iko huko maji yanakokwenda. "Wewe tunaweza kukuvusha. Kiti yako njo haivuke."

Nikataka kurudi. Hapo ndipo nilipojua kwamba pikipiki haina gia ya kurudi nyuma. Mwenye miguu huisukuma kwa miguu. Mbele maji, nyuma mteremko wa matope, na mimi katikati na shati langu jeupe, nimekwama kuliko nilivyokwama barazani.

Vijana wa bandarini walikuwa wameshajipanga nyuma ya magurudumu, wanaanza wimbo wa salongo, ule wa kazi ya lazima.

"Tukurudishe juu, mukubwa?"

Nikaona mabega yao. Ni yale yale niliyoyakataa.

"Acheni pikipiki," nikasema. "Nibebeni mimi. Lakini mbele."

Wakaniinua, wakanikalisha mtumbwini kati ya mikungu ya ndizi, maji ya chini yakanilowesha suruali. Ng'ambo nilijua kunaningoja mabega mengine, na njia yote ya Pangi. Pikipiki ilibaki ukingoni, uso wake majini. Nilikataza mtu asiizime mpaka tufike katikati ya mto, ili wote wasikie injini ile ni ya nani.