Kijiko cha Mafuta cha Shigela

Watu wa Mwamanyili wanaapa kwamba Shigela, enzi za ujana wake, aliita ng'ombe mmoja wakageuka mpaka ng'ombe wa kule Nassa, kata ya pili, majani yakiwaning'inia mdomoni. Alipotimiza miaka sitini na minne, sauti ile ilitosha kuomba maji ya kunywa tu. Presha ilikuwa imempanda, masikio yanavuma kama mzinga wa nyuki.

Ndipo wakaja watafiti. Nesi wao, Violeth, akamkabidhi chupa ya mafuta ya mbegu za chia.

"Babu, humu kuna kitu kinaitwa asidi ya linoleniki. Tunataka kujua kama kinasaidia moyo. Kijiko kimoja kila siku, usipikie. Na vidonge vya presha tutakupa sisi, usiviache hata siku moja. Mshipa wa kichwa ukipasuka hatuna cha kushonea."

"Sawa, ng'wanawane," akajibu, kama anayemwitikia mwanawe.

"Mafuta ni yako peke yako, babu."

Hapo ndipo alipokabwa. Wanaume wa pale hula pamoja shikome, kwenye moto wa nje, kila mke analeta bakuli lake. Anayejificha na kitoweo ni mchawi, au yuko njiani kufika. Siku ya kwanza Shigela alilamba kijiko chake nyuma ya nyumba kama mbuzi mwizi, na jirani yake Bujiku akamfuma.

"Ala! Shigela, siku hizi unakula na ukuta?"

"Dawa hii."

"Dawa gani mtu analamba mpaka kidole?"

Kesho yake Shigela akaenda na chupa shikome, akamimina mafuta kwenye ugali wa wanaume saba. Chupa ya mwezi mzima ikaisha kwa siku nne. Mkewe, Mektilda, akashika kiuno.

"Mzee, utamwambia nini yule nesi?"

"Kwamba nimekunywa."

Chupa ya pili ikaenda njia hiyohiyo, na ya tatu. Mwezi wa tatu wakampima damu.

"Babu, damu yako haionyeshi mafuta yale kabisa," Violeth akasema.

"Labda damu yangu haikusoma shule."

Violeth hakucheka. "Niambie ukweli nikutetee. Yamekwenda wapi?"

Shigela akawatazama wenzake wa shikome waliokaa kwenye benchi wakisubiri kupimwa presha, Bujiku akiwa wa kwanza. Aseme wamekula dawa ya mgonjwa? Akatazama chini.

"Nimekunywa yote."

Jina lake likafutwa kwenye utafiti, na vidonge vyao navyo vikakoma. Violeth akampa vya mwisho, vya wiki mbili, na barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Lakini pamba ilikuwa imemezwa na magugu. "Nikimaliza palizi nakwenda," alimwambia Mektilda, na Mektilda akalia kwa hasira, asisikilizwe. Vidonge vikaisha Jumanne. Alhamisi ya wiki iliyofuata wakamkuta kifudifudi kwenye tuta, jembe bado mkononi.

Alilala siku tano, mdomo umekwenda upande. Bujiku akaja, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mjinga wewe! Kwa nini hukusema kwamba dawa ile ilikuwa ya kukushikia roho? Tungekula ugali mkavu!"

Shigela akahangaika kujibu, yakatoka mate. Bujiku akayafuta kwa shati lake, akaendelea kumgombeza, yeye na ndugu zake wote na ukoo mzima. Mektilda ndiye aliyeona kwamba kifua cha mumewe kimetulia, hakipandi tena. Akamwacha Bujiku aseme kidogo, kisha akamgusa bega.