Beseni la Kuondoa Mawazo

Tarehe tisa Julai, Jumatano, saa nne asubuhi, nilifiwa na mke wangu. Alianguka njiani akitoka kisimani na ndoo kichwani, na waliomwinua walisema ni presha. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka thelathini na moja. Tulimzika nyuma ya nyumba yetu, hapa Segese, pembeni ya mihogo aliyoipanda mwenyewe.

Matanga yalipokwisha na watu kurudi makwao, niliacha kuoga. Nalisema hivyo kwa sababu ndivyo lilivyokuwa. Sikuapa, na wala si desturi ya kabila lolote ninalolijua. Kazi yangu ni kuosha tope la dhahabu mwaloni, pale wachimbaji wanapooshea mawe yao. Mawe yakishasagwa, tunamwaga unga wake na maji juu ya ubao uliotandikwa magunia. Chepesi kinakwenda na maji, kizito kinabaki. Kila jioni narudi nikiwa wa kijivu tangu utosini. Miaka yote hiyo nilikuwa nikifika nakaa kwenye kigoda, na baada ya muda mke wangu anasema maji yapo bafuni. Nayakuta kwenye ndoo, ya vuguvugu, kata inaelea juu. Sasa nilifika, nikakaa, na hakuna aliyesema kitu. Nikawa nalala vilevile.

Wenzangu wa mwaloni walinivumilia kama wiki mbili. Ya tatu, mmoja akasema, "Huyu mzee asitoke hapa bila kuoshwa. Mwilini mwake hazikosekani gramu mbili." Wakacheka. Nami nikacheka, nikaenda nyumbani na gramu zangu mbili.

Dada yangu mkubwa, ambaye alikuja msibani kutoka Kishapu akabaki ili anipikie, ndiye aliyempigia simu binti yangu. Mtoto ninaye huyo mmoja tu. Anafanya kazi saluni huko Kahama, moja ya zile ambazo wanawake hulipa ili wakandwe nyayo. Alifika siku ya Ijumaa na begi, akanipa shikamoo akiwa amesimama mbali kidogo, upande upepo unakotoka. Hakuzunguka. Alisema nina msongo wa mawazo, kwamba msongo unaua, na kwamba yeye anaijua tiba yake. Angenitibu siku mbili. Nisipobadilika, Jumapili tungefunga nyumba, ng'ombe na ndama wake wangekwenda Kishapu na shangazi yake, na mimi ningekwenda Kahama nikakae naye.

"Siwezi kukuzika na wewe mwaka huu, baba," alisema.

Hilo lilikuwa neno la haki. Lakini kaburi halikuwa na majuma sita. Udongo wake ulikuwa bado unashuka, na mbuzi wa majirani walikuwa wakipanda juu yake kila nilipogeuza mgongo. Nilimwambia siondoki. Akasema basi kesho tunaanza.

Tiba yenyewe ilikuwa kwenye simu. Alinionyesha mama mmoja amejilaza kwenye sinki jeupe refu kama mtumbwi, povu hadi shingoni, macho ameyafumba. Mama yule alikuwa na mawazo gani, hawakuonyesha. Ngozi yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri wiki nzima. Binti yangu akanieleza kwamba kuoga huku si kwa ajili ya uchafu, ni kwa ajili ya kujipenda. Unawasha mshumaa. Unatia maua, chumvi na mafuta ya kunukia. Unasikiliza sauti ya maji, unavuta pumzi ukihesabu hadi nne, unaiachia. Mimi utoto wangu wote nilioga lambo moja na ng'ombe, na hakuna aliyewahi kunihesabia pumzi.

Sinki hatuna. Jumamosi alikwenda gulioni akanunua beseni kubwa kuliko yote, na muuzaji akamwuliza mtoto ana miezi mingapi. Akaliweka bafuni kwetu, ambako ni mabati yaliyosimamishwa kwenye nguzo, bila paa, na jiwe bapa la kukanyaga. Mshumaa aliuwasha saa kumi jioni, juani, upepo ukauzima mara nne, na sote tulikuwa tunaona vizuri tu. Mawaridi hayapo huku. Alichuma yale maua ya miiba kwenye uzio wa jirani. Kisha akaitega simu juu ya bati, ikaanza kutoa sauti ya mvua. Agosti, watu wamepanga foleni kisimani tangu usiku, na bafuni kwangu mvua inanyesha na radi juu. Jirani alitoka nje akatazama mbinguni.

Chumvi ndiyo haikuonekana. Ilikuwa ya mawemawe, rangi ya waridi, na binti yangu aliiacha kwenye bakuli mlangoni. Dada yangu ameishi na ng'ombe tangu azaliwe, na kwake chumvi ya mawe yenye rangi ile ina mlaji mmoja tu.

"Nimempa ng'ombe," alisema alipoulizwa. "Ameipenda. Hukuja na nyingine?"

"Shangazi, ile ilikuwa ya baba."

"Kwani baba yako ananyonyesha?"

Binti yangu alikaa chini hapo mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu afike nikaona kwamba amechoka. Nilimhurumia. Nikaingia bafuni, nikavua, nikakaa kwenye lile beseni.

Sitasema uongo, nilijaribu. Magoti yalinigusa kidevu. Nusu ya maji ilimwagika nilipokaa, na maua yakanigandia kifuani. Nilihesabu hadi nne. Nilihesabu tena. Mimi ni muoshaji, na sijaona bado maji yanayoondoa kizito. Yanaondoa kilichokizunguka, ndipo unakiona vizuri. Na mimi nilikiona. Siku ile mke wangu alikuwa ameshateka maji ya kupikia alfajiri. Nilimwona kabla sijaenda kazini. Safari ya saa nne haikuwa ya chungu. Ilikuwa ya ndoo yangu ya jioni. Nilikuwa nimelijua hilo tangu Jumatano ile ile, na ndilo nililokuwa nalikimbia kila siku kwa kukaa na uchafu wangu, nikijiita mfiwa. Mwanamume mzima, hajawahi hata siku moja kuteka maji anayojimwagia.

Binti yangu aliniuliza kutoka nje kama naanza kusikia utulivu.

"Mama yako alikufa akiniletea maji ya kuoga," nilisema.

Baadaye mkono wake ulipita juu ya bati, mvua ikanyamaza. Nilisikia akienda upande wa jikoni. Nilitoka nikiwa sijajisugua, nikavaa nguo zile zile, na jioni hiyo hakuna aliyenitajia mawazo wala Kahama.

Jumapili niliamka kabla ya jogoo nikaenda kisimani na ndoo mbili. Wanawake waliokuwa kwenye foleni waligeuka kunitazama, kisha mmoja akaniambia nipite mbele. Nilikataa, nikasubiri zamu yangu. Dada yangu aliponiona nikiwasha moto alitaka kuninyang'anya kuni, nikamwomba aniache. Sikujua maji ya moto yanachanganywa na ya baridi kiasi gani. Niliimwaga kata ya kwanza begani na ikaniunguza, ya tatu ilikuwa baridi kabisa. Nilijisugua kwa sabuni ya mche na gunia kuukuu, maji yakatoka kijivu, yakatoka kijivu tena, mpaka ndoo zote mbili zikaisha.

Nilipotoka binti yangu alinisimamisha uani. Akanikunja sikio, akatazama nyuma yake, kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye kabla ya kwenda shule.

"Bado kuna tope," alisema.

Nikarudi kisimani nikateka ndoo ya tatu, nikaoga tena. Akakagua masikio yote mawili, akaniachia. Mchana tulikula ugali na mlenda, sisi watatu. Saa tisa alipanda bodaboda kwenda stendi, peke yake.