Fundi wa Bertrams na Suti ya Mtoto wa Shaba

Inakaribia saa sita mchana, Jumamosi ya baridi kali, na Gaston Mushagalusha anapiga pasi suruali ambayo imekwisha kunyooka zamani. Simu yake ameiegemeza kwenye cherehani. Anaitazama, anapiga pasi, anaitazama tena.

Kibanda chake kiko Bertrams, mashariki mwa Johannesburg, karibu na uwanja wa Ellis Park. Anachokisubiri kiko Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Saa za huku na za kule ni moja majira haya, na saa sita huko kuna sanamu itakayovishwa suti aliyoishona yeye.

Ndiyo, sanamu. Ni mtoto wa kiume wa shaba, uchi wa mnyama, urefu wake nusu mita na kidogo, anakojoa maji ya chemchemi kwenye kona ya barabara mchana kutwa. Watalii humiminika kumwona. Wenyeji wana desturi ya kumvisha, na kabati lake lina mavazi zaidi ya elfu moja. Mimi ninayeandika haya sina hata suti ya pili.

"Makubwa!" anadakia Mwanaharusi, mama wa Kitanga anayeuza sambusa mlango wa pili. "Mtoto anakojoa mbele za watu, badala ya kuchapwa anashonewa suti! Wazungu bwana!"

Gaston anacheka kidogo tu. Kinachomkosesha raha si sanamu. Atakayemwonyesha sherehe kwa simu ni Cédric, mwanawe wa pekee, ambaye uso wake hajauona miaka minane, hata kwa picha.

Fundi huyu ana miaka hamsini na miwili. Walipokimbia Bukavu, mashariki mwa Kongo, mkewe Agnès alitangulia Brussels kwa dada yake akiwa na Cédric wa miaka mitatu. Gaston alikuja Johannesburg kutafuta nauli ili awafuate. Viza ikakataliwa mara mbili, na karatasi yake ya kuomba hifadhi haimruhusu kusafiri. Agnès alisubiri miaka sita, kisha akaolewa na mwingine.

"Simlaumu," anasema. "Hata mie ningechoka."

Cédric sasa ana miaka kumi na minane. Ni mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Baba akimwomba picha yake, yeye hutuma picha ya jengo. Ukuta wa kibanda umejaa majengo: mnara wa ukumbi wa mji pale uwanja wa Grand-Place na nyumba zenye nakshi za dhahabu, Atomium na mipira yake mikubwa inayong'aa, jumba la mahakama lililozungushiwa majukwaa ya mafundi.

"Brussels niko naijua kama mtembeza wageni," anasema. "Unashuka treni, unateremka kwa miguu mpaka Grand-Place, watu wanapiga picha, unawaacha, unaendelea kidogo, unamkuta mtoto. Lakini eish, mwanangu ana ndevu? Sijui."

Kazi hii aliletewa na Léocadie, jirani yake wa zamani, ambaye sasa anaongoza chama cha akina mama wa Kikongo kule. Walitaka suti ya kitenge, kama zile ambazo watoto wa Bukavu huvaa kwenda kanisani siku ya Noeli. Gaston, ambaye siku nyingi hapati zaidi ya suruali tatu za kufupisha, kwa randi themanini kila moja, alikubali hapo hapo. Suti ya mwisho kumshonea Cédric ilikuwa ya Noeli.

Ya kwanza aliyoishonea sanamu ilirudishwa. Ilikataa kupita mikononi.

"Mtoto ukimvisha, anakusaidia," anaeleza. "Unamwambia leta mkono, anauleta. Huyu wa shaba hauleti."

Safari hii ameipasua mgongoni na chini ya mikono, akaweka vifungo vya kubana. Mbele ameacha njia ya maji.

Simu inalia. Kwenye kioo kuna umati, kuna ngoma, na Léocadie anacheza. Pazia linavutwa. Huyo hapo! Kitenge cha buluu na njano, kola imetulia, mikono imeingia. Maji yanaruka, waliosimama mbele wanalowa na kupiga kelele. Mwanaharusi, mikono yake imejaa unga, anapiga vigelegele.

"Imekaa, papa," inasema sauti nzito ya kiume.

Gaston haitazami suti. "Geuza simu, mwanangu."

Picha inayumba, inapita mapaa, kisha uso unatokea: kijana mwenye ndevu changa na pua ya Gaston mwenyewe. Baba anasogea karibu na simu. Ameshika futi yake ya kupimia, iliyo shingoni, kwa mikono miwili.

"Na yangu, papa? Suti yangu iko wapi?"

"Kitambaa kilibaki. Niko nacho."

"Nikutumie vipimo?"

"Hapana, usitume."

Simu inapokatika anakaa kitako, analia bila kujificha. Mwanaharusi anamwekea sambusa mbili mezani na kuondoka pasipo utani. Juu ya rafu kuna kitenge cha buluu na njano, kile kilichobaki, kimekunjwa, kinasubiri mkasi.

"Vipimo vya yule wa shaba niko navyo vyote, mpaka vya shingo," anasema. "Vya mwanangu sina hata kimoja. Na vya simu sivitaki. Siku nikipata karatasi, nashuka treni, nateremka mpaka kwenye ile kona, jengo siangalii hata moja. Nitatoa futi yangu, nitamwambia leta mkono. Yeye atauleta."