Siku Baba Alipomsukuma Mwendesha Baiskeli Pirenei

"Nadine, mtu akimsukuma mwenzake aliyechoka mlimani, kosa lake ni nini?"

Baba aliniuliza hivyo akiwa amesimama katikati ya barabara, katika milima ya Pirenei, kusini mwa Ufaransa, huku bado anahema. Nina shahada ya sheria, na tangu utotoni nimekuwa mtu wa kubishana na kila kitu, kuanzia mahubiri hadi maelekezo ya kwenye pakiti ya mchele. Swali lile nililibeba hadi kwenye treni ya kurudi. Naisimulia safari nzima tangu mwanzo kwa sababu hapa Merrylands, kitongoji cha Sydney, Australia, watu wameigeuza kichekesho, na mimi mwenyewe sijaicheka hata mara moja.

Nyumbani, Merrylands. Baba anafanya kazi katika hospitali moja ya Westmead. Kazi yake ni kusukuma vitanda vya wagonjwa: kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji, kutoka upasuaji hadi wodini. Kila Julai, akirudi kutoka zamu ya usiku, hukaa sebuleni bila kuvua viatu na kutazama marudio ya mbio za baiskeli za Ufaransa. Kabla ya vita, na kabla ya kambi ya wakimbizi ya Tanzania nilikozaliwa mimi, alikuwa akiteremsha ndizi kwa baiskeli kutoka milimani hadi Bujumbura. Ndizi mikungu sita, breki ya kiatu. Kwa hiyo hatazami mbio kama mtu anayetazama mchezo. Anatazama kama fundi cherehani anavyolitazama shati lililoshonwa na mwingine.

"Mbele ya kustaafu nataka nione hii watu na macho yangu," alisema asubuhi moja. "Mara moja tu. Bon, haya, hata mara moja."

Baba hajawahi kuomba kitu chochote kwa ajili yake mwenyewe. Nikasema tutaenda.

Katikati ya jiji kuna kampuni ya safari inayopeleka mashabiki kutazama mbio Ulaya. Tulikwenda mkutano wao wa Jumamosi. Kijana aliyekuwa akiuza tiketi alituelezea, taratibu, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba waendeshaji huenda kwa kundi ili kukwepa upepo. Alimweleza hivyo baba. Kisha akasema mlima unataka watu wenye afya, akimtazama baba magotini. Baba aliitikia kwa adabu, akanywa chai yao, akamshukuru. Mimi nilitoka pale nikiwa nimeuma meno hadi taya likauma.

"Yeye anauza tu," baba aliniambia kwenye treni. "Wewe unataka akuuzie na heshima pia?"

"Ndiyo, Baba. Ndiyo ninachotaka."

Basi tukapanga wenyewe, mezani jikoni. Mimi nilipendekeza Ubelgiji wakati wa machipuko, kwenye mbio za siku moja za barabara za mawe, kwa sababu unaweza kuwaona wakipita mara kadhaa siku hiyo hiyo. Baba alikataa.

"Ubelgiji ni sahani. Kwenye sahani wanapita fyuu, umeona nini? Rangi. Mlimani mtu anapita na uso wake."

Hoja ilikuwa nzuri, nikaikubali kwa shingo upande. Mbio kubwa za Julai zina msongamano mno, kwa hiyo tukachagua zile za Juni zinazozitangulia, za siku chache, ambako waendeshaji wale wale huenda kujipima. Tulipanga kutazama hatua tatu, yaani mbio za siku tatu, zote zikiwa karibu na mji wa Tarbes anakoishi Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa jirani yetu kambini.

Jumapili, nje ya kanisa, Mzee Sylvestre alimkamata baba mkono. "Nasikia mnaenda Tarbes. Lourdes, alikotokea Bikira, iko hapo hapo. Mtaingia kusali?"

"Tutapita karibu."

"Karibu? Unavuka bahari zote hizo kutazama baiskeli, na Bikira unampita karibu?"

"Bikira atanisamehe, mzee. Yeye hana ratiba. Hao wana ratiba."

Watu walicheka. Kabla hatujafika kwenye gari nilishasikia mtu akisema hela za Australia zimeanza kuwapanda wazee kichwani.

Paris, uwanja wa ndege. Mbele yetu kwenye foleni alikuwepo kijana Mzungu wa Sydney mwenye kofia na pasipoti kama zetu. Aligongewa muhuri, akapita. Baba akawekwa kando.

"Unakuja kufanya nini?"

"Kutazama mbio za baiskeli," baba alijibu kwa Kifaransa chake cha shule ya misheni.

Afisa alimwita mwenzake aje asikie. Wakamuuliza nani atashinda mwaka huu. Baba akawajibu kwa kirefu, mlima kwa mlima, na yule wa pili akaanza kubishana naye kweli kweli, hadi wakamwachia wote watatu wakitabasamu. Baba aliona amepata marafiki. Mimi niliona mtu amefanyishwa mtihani ili aingie mahali ambapo kijana wa kofia ameingia bure. Tulisafiri kwa treni kuelekea kusini.

Tarbes. Mama Furaha alitupokea stesheni na vitenge viwili, kimoja cha kunifunga mimi papo hapo kwa sababu suruali yangu ilikuwa, kwa maoni yake, ya kuoshea gari.

"Mulichoka? Kula kwanza, kisha mutanieleza hii wazimu yenu."

Alitupikia ugali na sombe, kisamvu cha kwao. Nililalamika juu ya maafisa wa Paris, juu ya kampuni ya Sydney, juu ya Mzee Sylvestre.

"Nadine," alisema, "weye unakasirika hata na mutu ambaye hayuko hapa?"

"Hao ndio rahisi kuwakasirikia, Mama."

"Kula."

Siku ya hatua ya kwanza, kwenye mlima. Barabara ilifungwa asubuhi, kwa hiyo Mama Furaha alituacha chini, nasi tukapanda kwa miguu kati ya magari ya kulala na viti vya kukunja. Baba alitembea mbele yangu, akisimama kila kona kuipima kwa macho. Tulichagua kona moja karibu na kilele, ambapo barabara inasimama kama ukuta. Jirani zetu walikuwa Wabelgiji wanne wenye bia na kofia za manyoya. Waliposikia baba ametoka Burundi wakamkalisha kwenye kiti chao.

"Kaa, papa. Leo wewe ni mgeni wetu."

Nilitaka kuwauliza babu zao, walipoitawala Burundi, walimkalisha wapi babu yake. Baba alinitupia jicho. Nikakaa kwenye jiwe.

Tulingoja muda mrefu sana. Ninakiri kwamba niliuona upuuzi mtupu: mamia ya watu wazima wakiungua jua ili wapitwe. Kisha helikopta, kisha pikipiki, kisha wakaja. Na baba alikuwa sahihi kuhusu nyuso. Mtu anapanda pale mdomo wazi, mate yamemkauka shavuni, macho hayakuoni, uko naye karibu kuliko unavyokaa na mtu kwenye basi. Nilisahau kubishana. Nilimtazama baba, alikuwa amesimama, mikono nyuma, kama mtu aliye kwenye mazishi ya heshima.

Viongozi walipita, makundi yakafuata. Wabelgiji walikuwa wakiwasukuma waliochelewa, hatua mbili tatu kila mmoja, wakicheka. Pikipiki za waamuzi zilipita zikiwaona, hakuna aliyesema kitu.

Mwisho kabisa alikuja mmoja peke yake. Kijana mwembamba, jezi ya bluu, anakwenda upande huu na upande ule wa barabara kama panzi aliyevunjika mguu. Nyuma yake lilikuja gari lenye ufagio uliofungwa juu. Baba alikuwa amenieleza habari zake: linawafuata wa mwisho, na anayeshindwa hupanda humo, na mbio zake zimekwisha.

Baba alivua koti.

Huko kwao, ukimkuta mtu ana mzigo kwenye baiskeli anapanda mlima, humpiti. Unaweka mkono. Humuulizi jina, na hata kama umegombana naye unasukuma kwanza, ugomvi utaukuta juu. Baba alimfuata yule kijana mbio, akaweka mkono wa kulia chini ya kiti na wa kushoto katikati ya mgongo, akainamisha kichwa, akasukuma. Kijana alisema "Hapana, mzee, hapana" mara moja, kisha akaendelea kukanyaga pedali. Wabelgiji walishangilia. Wakadhani ataachia. Hakuachia. Alisukuma kama anavyosukuma kitanda chenye mgonjwa anayesubiriwa, hatua fupi fupi, bila haraka, akimwambia kwa Kiswahili, "Twende, mwanangu. Twende tu. Pole pole." Alipita kona yetu, akapita na iliyofuata. Niliwakimbilia na koti lake mkononi.

Filimbi ikapigwa. Mwamuzi wa pikipiki alijiweka mbele yao. Wanaume wawili waliokuwa kando ya barabara wakamvuta baba kwa mikono, mmoja akimfokea usoni, na yule kijana akaendelea peke yake akipindapinda mpaka akapotea nyuma ya mwamba. Ndipo baba aliponiuliza lile swali.

Badala ya kumjibu nilimgeukia mwamuzi. Kifaransa changu ni kibovu lakini hasira ina sarufi yake. Nilimwambia wale kule chini wamesukuma watu tangu mchana, na yeye amewaona, na hakuwapigia filimbi.

"Mademoiselle," alisema huku akiwasha pikipiki, "wale wanasukuma. Huyu alikuwa anasafirisha."

Watu walicheka. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba ilikuwa sentensi nzuri.

Tarbes, jioni. Mama Furaha alitafuta matokeo kwenye simu. Jina la yule kijana halikuwa miongoni mwa waliomaliza. Alisoma orodha mara mbili, kisha akaiweka simu mezani kifudifudi.

"Nimefukuzisha mtoto wa watu kazi," baba alisema.

"Hujui hilo, Baba. Huenda alichoka tu."

"Wewe unajua?"

"Sijui."

"Bon."

Nilijaribu kumtetea mbele yake mwenyewe. Nilimwambia kanuni ya kumwondoa mwendeshaji aliyesukumwa ni ya kijinga na mwamuzi ni mbaguzi. Alinisikiliza kama alivyomsikiliza yule kijana wa tiketi. "Nadine, yule alikuwa kazini kwake," alisema. "Mimi nikaingiza mikono. Mtu akija wodini asukume kitanda changu bila kuniuliza, ningempenda?" Nikamwambia kitanda si baiskeli. Akasema amechoka, akaenda kulala.

Hatua mbili zilizobaki hakwenda. Alikaa jikoni kwa Mama Furaha akichambua sombe, mtu aliyevuka dunia nzima kuona jambo moja, na jambo lenyewe likiwa umbali wa mwendo wa gari. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia kwa hasira bafuni. Siku ya hatua ya mwisho nilikwenda peke yangu, kwa ubishi. Wale Wabelgiji walikuwepo tena, wakingoja kusukuma tena.

"Papa yuko wapi?" mmoja aliniuliza. "Ana nguvu yule mzee."

"Muulizeni mwamuzi," nilisema, nikashuka mlima kabla mbio hazijafika.

Njiani kurudi. Kwenye treni nilikaa nikitazama mashamba na kulitafuta jibu la swali la baba. Wanasema mwendeshaji lazima apande kwa nguvu zake mwenyewe. Lakini nilimwona kila mmoja wao akiwa na gari nyuma yake, fundi ndani ya gari, mtu wa kumpa chupa ya maji, na wenzake sita waliolipwa kumkinga upepo. Hakuna anayepanda ule mlima peke yake. Wanachokataza ni mkono ambao hawakuuajiri. Hilo ndilo nililojifunza Ulaya, na sijaona bado ni mahali gani pengine duniani ambapo si kweli.

Nilimwambia baba. Alisema, "Umesema vizuri," akageukia dirisha.

Merrylands tena. Julai ilifika, na asubuhi baba akirudi kutoka kazini alivua viatu na kwenda moja kwa moja chumbani. Kanisani wakaanza kumwita Mzee Sukuma. Yeye aliitika, mimi nilimjibu Mzee Sylvestre maneno ambayo mama yangu, Mungu amrehemu, angeyasikia angenizaba kofi. Kwenye sala ya jioni baba aliongeza mtu mmoja: "na yule kijana aliyepoteza kazi." Julai ya pili ikaja, runinga bado imezimwa. Ya tatu pia. Nilikuwa tayari nimeacha kumshawishi.

Mwaka wa nne Mama Furaha alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amepeleka baiskeli ya mjukuu wake kwa fundi mmoja pale Tarbes, wakapiga soga, na fundi akamwambia kwamba zamani alikuwa mwendeshaji wa kulipwa, na kwamba kuna mzee Mwafrika aliyemsukuma mlimani akimsemesha lugha asiyoijua. Baba alikuwa jikoni nilipomchezea ujumbe huo. Aliusikiliza amesimama, mwiko mkononi, mpaka mwisho.

Kumbe yule kijana alikuwa anaumwa tumbo tangu asubuhi, na chini ya mlima, kabla hata hajafika kwenye kona yetu, alikuwa ameshakubaliana na bosi wake kwenye gari kwamba anaacha mbio. Alikuwa ameomba jambo moja tu, wamwache afike kileleni kwa baiskeli, kwa sababu mama yake alikuwa anamngojea pale. Na alimfikia bila kushuka baiskelini.