Sukari Ambayo Sikuitaja

Barabara za kwetu nazijua kama vyumba vya nyumba yangu. Najua mchanga unapoanza kushika magurudumu njia ya Ijara, na pa kusubiri mtumbwi Masalani. Nikikaa Garissa wiki nzima, naanza kukumbuka harufu ya mahali pengine. Mpwa wangu hunicheka. "Abti, viatu vyako vimeanza kulia mlangoni." Kwetu mjomba na mpwa huitana neno hilo hilo, abti.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja alipopatikana na uvimbe wa saratani nyuma ya pua. Tiba ilikuwa mionzi, Nairobi. Dada yangu, mama yake, hajui Kiswahili zaidi ya kile cha sokoni, kwa hiyo nilikwenda nao niwe mkalimani.

Kabla ya mionzi tulipelekwa kwa daktari wa meno, mama mpole aliyeongea polepole akinitazama mimi. Mionzi itapita karibu na tezi za mate, alisema. Mate yakikauka, meno huoza upesi. Apige mswaki kwa dawa hii asubuhi na jioni, hata matibabu yakiisha. Kinywa kikikauka anywe maji, si chai ya sukari, asinyonye peremende. Na arudishwe kila baada ya miezi michache.

Mchana huo kulikuwa na lori linalotoka Eastleigh kwenda Ijara, na nilikuwa nimewekewa nafasi. Nikamgeukia dada, nikamwambia kwa lugha yetu: "Anasema apige mswaki kwa dawa hii."

"Maneno yote yale, ndiyo hayo tu?"

"Walaal, dada yangu, madaktari hupenda kuongea."

Tukacheka. Nikawahi lori.

Niliporudi Garissa, tiba ilikuwa imekwisha na uvimbe umetoweka, alhamdulillahi. Mtoto alikuwa amekonda, na mate hana. "Abti, mdomo wangu ni kama mji wa Kutulo wakati wa ukame," aliniambia. Kando yake palikuwa na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, tamu kama tunavyoipenda, na dada alimmiminia kidogo kidogo kutwa nzima ili koo lilainike. Mimi nilikuwa nimemletea peremende. Ya kwanza nilimfungulia kwa mkono wangu. Maneno ya daktari yalinipitia kichwani, nami nikayaacha yapite. Kila safari nilirudi na mfuko mwingine.

Baada ya miaka miwili meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia kwenye ufizi. Moja lilivunjika akila anjera, chakula laini kuliko vyote nyumbani.

Tulirudi kwa daktari yule yule. Alitazama, kisha akauliza, "Sikuwaambia kuhusu sukari?"

Dada alinitazama, akingoja nimtafsirie. Safari hii nilimwambia yote, pamoja na yale niliyoyaacha siku ile kwa haraka.

"Na mimi ndiye niliyekuwa nikiikoroga," dada akasema.

Mpwa wangu aliinuka kwenye kile kiti kirefu, akavuta ncha ya mtandio na kufunika mdomo. Tangu siku hiyo hucheka hivyo.

"Siku ile ulikuwa unakimbilia nini, abti?" akaniuliza.

"Lori la Ijara."

"Ijara kulikuwa na nini?"

Lori nalikumbuka. Lilikuwa la bluu, turubai lake limechanika upande wa kushoto, na tulisimama mara mbili kubadilisha gurudumu. Nilichokifuata Ijara nimekitafuta kichwani hadi leo, sikipati.