Joho la Chuo Kilichoshtakiwa

Jumamosi nilikuwa kwa fundi cherehani wetu, mama Mkongomani wa mtaa wa Jules, nikisubiri suruali yangu. Akaingia dada mlinzi, bado amevaa sare ya kazini, akaweka joho la mahafali mezani.

“Eish, mama, serikali imekishtaki chuo chetu. Digrii walizotupatia si halali. Lifumue, unishonee sketi.”

Fundi aligeuza joho, akamwonyesha kitambaa alichokunja ndani ya mshono siku alipolishona.

“Nilikuachia nafasi ya kuongeza, siku ukinenepa. Nenda chuo kilichosajiliwa. Masomo utarudia, joho utavaa hili hili.”

Dada alilikunja polepole, akatoka ameinua kichwa.

Kuhusu chuo, mahakama itasema. Mshono wa mama yetu nimeukagua mwenyewe, na ni halali.